Mgunda Mkali na Vibao vya Barabara ya Singida

Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Nzega huukata Mkoa wa Singida kuanzia kusini-mashariki hadi kaskazini-magharibi, na msafiri wa pwani aipitayo kwa mara ya kwanza huiona kuwa haina mengi ya kusomwa. Kibao cha 50 humwambia dereva kuwa kijiji kimekaribia. Kibao cha jina humtajia kijiji chenyewe, na kabla hajalitamka jina sawasawa, kijiji kimekwisha kupita. Barabara hii haina yale matoleo yajengwayo kwa madaraja katika nchi za Ulaya na Marekani, ambako mtu huacha njia kuu bila ya kukutana na mwenzake. Ina njia panda. Na njia panda, kwa watu wa pwani, si neno jepesi: ndipo kafara hutupwa, na ndipo mtoto hukatazwa kusimama jua linapotua.

Njia panda za Singida, mtu akizifuata kwa utaratibu, ni kitabu cha tarehe. Ya Manyoni huelekea Itigi na Tabora. Ya Mkiwa hushuka kusini kupitia Itigi na Rungwa hadi upande wa Chunya na Mbeya. Mjini Singida, penye maziwa ya Singidani na Kindai na majabali yaliyopandana kama magunia bandarini, njia hugawika: mkono mmoja huenda Babati na Arusha, na mwingine huendelea Nzega. Mbele yake Iguguno hupeleka watu Mkalama, na Misigiri huwapeleka Kiomboi.

Hapo Mkiwa mpenzi wa mashairi hana budi kusita. Mkiwa, katika Kiswahili cha watunzi, ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye wa kumliwaza, na kukiona kibao chenye neno hilo katikati ya nyika ni kama kuukuta mshororo uliodondoka njiani. Lakini wenyeji wa nchi ile ni Wanyaturu, na majina yao yana lugha yake. Si haki kwa mtu wa pwani kuyafasiri kwa kamusi yake mwenyewe.

Kibao cha njia huonyesha kile ambacho serikali ya wakati wake inakihesabu. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 1963, Jimbo la Kati lilipogawanywa kuwa Dodoma na Singida. Ikungi na Mkalama zilifanywa wilaya mwaka 2012, na tangu hapo majina ambayo zamani yalikuwa ya vijiji tu yakapata daraja nyingine. Mkalama ilikuwa na boma la Wajerumani, kisha ikasahauliwa kwa miaka mingi, kisha ikarudi kuwa jina la wilaya, ijapokuwa makao ya wilaya hiyo yako Nduguti. Kinyangiri, jirani yake, imekuwa na bahati mbaya zaidi: katika miaka ya 1930 reli ya tawi ilijengwa kutoka Manyoni hadi huko, na katika miaka ya 1940 ikang'olewa. Treni iliporejea katika miaka ya 1990 ilikomea Singida mjini.

Na liko jina moja, kubwa kuliko yote hayo, ambalo mshale wa barabarani hauwezi kulielekea, kwa kuwa si mji, si wilaya wala si stesheni. Jina hilo ni Mgunda Mkali.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo ilivuka Ugogo, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa, kisha ikaingia katika nyika iliyoenea toka Mdaburu hadi Tura, mlango wa Unyamwezi. Mgunda ni shamba, neno ambalo lugha za nyuma ya Mrima kama Kizigua zinalo hata leo. Na ukali wake ulikuwa wa jua, wa kiu na wa vichaka vilivyofungamana hata mtu asione hatua kumi mbele. Richard Burton na John Speke waliipita mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871, na wote waliliandika jina hilo kama walivyolisikia kwa wapagazi. Burton aliwakuta Wakimbu wamekwisha kuanza kufyeka mapori na kulima. Wafanyabiashara wa Unguja waliokwenda Tabora, akina Hamed bin Muhammed el-Murjebi, hawakuweza kuliepuka.

Jina lile basi lilikuwa kibao. Mpagazi aliyelisikia akiwa bado Ugogo alijua la kufanya: ajaze kibuyu maji, anunue nafaka ya siku kadhaa, na kama ana nia ya kutoroka, atoroke mapema. Pembetatu nyekundu ya leo haisemi zaidi ya hayo. Kituo kimoja ndani ya nyika kiliitwa Jiwe la Mkoa, kwa sababu palikuwa na jabali kubwa lililoonekana kwa mbali, na hicho nacho kilikuwa kibao, ambacho hapana aliyekichonga. Hata njia panda zilikuwa na alama zake. Kiongozi wa msafara, aliyeitwa kirangozi, alipofika penye njia mbili aliiziba ile isiyofuatwa kwa matawi au kwa mstari uliochorwa ardhini, ili walioko nyuma wasipotee. Alama za sasa humwonyesha mtu njia ya kwenda. Ile ilimwonyesha ya kuiacha. Ilikuwa na adabu yake, na ilikauka na kupeperuka kabla ya msafara wa pili kufika.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikipita nyika ile ile. Barabara ya magari haikuthubutu. Malori yaliichagua njia ndefu ya kaskazini, kupitia Singida na Mlima Sekenke, ambako mteremko nao ni mkali na umewatoa jasho madereva wengi kabla na baada ya lami. Sekenke palikuwa na machimbo ya dhahabu tangu enzi ya Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyopigwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimewazingira, zenye sura ya ndovu mbele ya mlima. Dereva ateremkaye pale hafikirii ndovu, anafikiri breki.

Kwa hiyo, kwa miongo mingi, mtu wa Dar es Salaam aliyetaka kwenda Tabora kwa gari alizunguka Singida na Nzega, akiukwepa Mgunda Mkali bila ya kujua kuwa anaukwepa. Lami ya njia ya mkato ya Manyoni, Itigi na Tabora ilijengwa vipande vipande, na kipande cha Nyahua hadi Chaya, kama kilomita 85, kilichelewa hadi kikazinduliwa mwaka 2022. Yaani kipande kilichoshinda muda mrefu kiko mle mle, karibu na Tura, walikochoka wapagazi.

Majina ya wenyeji yana haki ya kwanza katika vibao vya huko. Lakini Mgunda Mkali ni jina lililotungwa na midomo ya watu wengi, Wanyamwezi na Wamrima pamoja, katika lugha waliyoelewana kwayo njiani, na ni mojawapo ya majina ya kale ya Kiswahili yaliyo ndani kabisa ya bara. Mdaburu ingali kata katika Wilaya ya Manyoni. Tura ingalipo. Kati ya hayo mawili, pahali popote penye kivuli magharibi ya Itigi pangefaa kusimamishwa nguzo mbili na ubao wenye maneno mawili, bila ya mshale na bila ya kilomita.