Mödlareuth: Kijiji Kilichogawanywa na Kijito

Kijito cha Tannbach ni chembamba mno. Mtu mzima hukiruka bila hata kupandisha suruali. Kinapita katikati ya Mödlareuth, kijiji cha wakulima chenye wakazi wapatao 50, kaskazini ya mji wa Hof nchini Ujerumani, mahali ambapo majimbo ya Bavaria na Thuringia yanapakana. Ukifika utaona nyumba chache zenye mapaa yaliyochongoka, mabanda ya ng'ombe, maghala ya nyasi kavu na bwawa dogo. Ni kijiji ambacho mgeni angekipita bila kugeuza shingo. Lakini kwa karibu miaka 40, aliyekivuka kijito hiki bila ruhusa alikuwa anahatarisha maisha yake, na Wamarekani waliokuwa wakifanya doria upande wa magharibi walikipa kijiji jina la Berlin Ndogo.

Mpaka wenyewe ni wa kale kuliko hatari hiyo. Mwaka 1810, baada ya eneo la Bayreuth kuingia mikononi mwa Wabavaria, Tannbach kilifanywa alama ya kutenganisha Ufalme wa Bavaria na utawala mdogo wa kifalme wa ukoo wa Reuss. Mawe yalichimbiwa kandokando ya maji yakiwa na herufi KB upande mmoja na FR upande wa pili. Tangu hapo wanakijiji wakawa raia wa watawala wawili, wakilipa kodi katika hazina mbili.

Hata hivyo waliendelea kuishi kama watu wa mtaa mmoja, na hapa ndipo ninapoona utamu wa historia ya Mödlareuth. Shule ilikuwa upande wa Thuringia, na watoto wa Bavaria walivuka kila asubuhi kwenda kusoma. Baa ya kijiji nayo ilikuwa huko huko, kwa hiyo mzee wa Kibavaria aliyetaka glasi ya bia baada ya kazi za shamba alivuka jioni. Jumapili safari iligeuka: wa Thuringia walivuka kwenda Bavaria, kwa kuwa wote walisali katika kanisa la Töpen. Walioana, walizikana, na mashamba yao yaliingiliana, mwenye nyumba huku akiwa na kipande cha ardhi kule. Wafalme waliondoka mwaka 1918, jimbo la Thuringia likaundwa mwaka 1920, na kijito kikabaki mpaka wa majimbo mawili ya nchi moja. Kwa zaidi ya miaka 130 mstari ule ulikuwa kwenye ramani na kwenye mawe, haukuwa katika maisha ya watu.

Mambo yaliharibika baada ya Vita Kuu ya Pili. Washindi waligawana Ujerumani kwa kufuata mipaka ya zamani ya majimbo. Bavaria ikawa ya Wamarekani, Thuringia ikawa ya Wasovieti. Walioketi mezani na ramani hawakuwa na sababu ya kujua kwamba kuna kijiji ambamo mstari wao unapita kati ya nyumba na baa. Wanajeshi wa Kisovieti walipofika mwezi Julai 1945 walikikalia kijiji chote, pamoja na nusu iliyo upande wa Bavaria, na ilichukua takriban mwaka mzima kabla hawajarudi ng'ambo ya Tannbach. Mwaka 1949 zikazaliwa serikali mbili, ya Ujerumani Magharibi na ya Ujerumani Mashariki, na jirani akawa mtu wa nchi ya kigeni.

Kwa muda mfupi bado kulikuwa na nafasi ya kupumua. Mwenye kibali aliweza kuvuka. Nafasi hiyo ilizibwa mwaka 1952. Mwishoni mwa Mei serikali ya Mashariki ilitangaza utaratibu mpya wa mpaka: ukanda wa mita 10 uliolimwa na kusawazishwa ili nyayo zionekane, ukanda wa mita 500 wenye masharti makali, na eneo la kilomita 5 ambalo hakuna aliyeingia bila kibali. Nusu ya mashariki ya Mödlareuth yote iliangukia ndani ya zile mita 500. Ulijengwa uzio wa mbao, mrefu kiasi cha kuzuia macho.

Mwezi Juni wa mwaka huo ulianza uhamishaji wa nguvu wa watu walioonekana hawaaminiki. Maofisa wa Thuringia waliupa mpango huo jina la siri lenye maana ya wadudu waharibifu. Lisomwe jina hilo polepole, kwa sababu waliokuwa wakiitwa hivyo walikuwa wakulima, wenye baa, wasaga nafaka, watu ambao kosa lao lilikuwa kuishi karibu na mpaka na kuwa na ndugu ng'ambo. Katika mpaka mzima, zaidi ya watu 10,000 walihamishwa kwa mabavu mwaka 1952 na tena mwaka 1961. Mödlareuth haikusalimika. Wapo waliopakiwa kwenye magari na kupelekwa mbali, na wapo waliowahi kuruka kijito wakiwa na walichoweza kubeba.

Mwaka 1966, miaka mitano baada ya ukuta wa Berlin, mbao na seng'enge za kijijini zilipisha ukuta wa zege. Ulikuwa na urefu wa mita 700 na kimo cha zaidi ya mita 3, mweupe, wenye mnara wa ulinzi na mataa yaliyowaka usiku kucha. Fikiria mita 700 za ukuta kwa ajili ya kijiji cha watu wasiojaza mabasi mawili.

Msomaji wa Kiswahili asidhani ugomvi huo wa Mashariki na Magharibi ulikuwa wa Wajerumani peke yao. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, na mafundi wake wakaja kujenga majengo ya ghorofa ambayo mpaka leo yamesimama Kikwajuni. Muungano ulipofanyika, serikali ya Magharibi ilimbana Mwalimu Nyerere aikatae ile ya Mashariki. Alipokubali Wajerumani wa Mashariki wafungue ubalozi mdogo Dar es Salaam mwaka 1965, Magharibi iliondoa misaada yake ya kijeshi, na Mwalimu akawaambia wachukue na iliyobaki. Mstari uliowagawa majirani wa Mödlareuth ulifika hadi kwetu.

Lakini katika yote niliyoyasoma kuhusu kijiji hiki, lililonichoma zaidi si zege wala mnara. Ni salamu. Mtu wa upande wa magharibi aliweza kusimama mlangoni kwake na kumpungia mkono jamaa yake wa mashariki. Yule wa mashariki hakuruhusiwa kumjibu. Kuinua mkono tu au kuitikia kwa sauti lilikuwa kosa mbele ya askari wa mpaka. Kwetu tulizoea kwamba salamu ni deni, na asiyeitikia huulizwa ana nini. Pale mtu alimwona dada yake akianika nguo, akamwona amezeeka, akainamisha uso kana kwamba hamjui, kwa sababu kumjibu kungemletea balaa yeye na watoto wake. Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Mödlareuth waliipata nusu ya pili, ya kuonana kwa macho, na ikawa mateso.

Tena mtu wa magharibi hakuweza kumtembelea jirani yake hata baada ya serikali mbili za Ujerumani kupatana, miaka ya 1970, kurahisisha ziara za mpakani. Aliweza kupata ruhusa ya kuingia Ujerumani Mashariki na kwenda miji mingine kadhaa. Nusu ya pili ya kijiji chake ilibaki imefungwa, kwa kuwa ilikuwa ndani ya eneo lililokatazwa. Ndugu waliotaka kukumbatiana ilibidi wasafiri, kila mmoja kwa njia yake, wakutane mbali na kwao.

Upande wa magharibi ulianza kupokea mabasi ya watalii waliokuja kutazama. Tarehe 5 Februari 1983 alifika George Bush, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, akasimama mbele ya ukuta huku askari wa ng'ambo wakimtazama. Siwalaumu wageni hao. Dunia ilihitaji kuona.

Ukuta wa Berlin ulifunguka tarehe 9 Novemba 1989. Mödlareuth walingoja mwezi mzima zaidi, hadi tarehe 9 Desemba, ndipo ilipopatikana njia ya watu wa miguu. Ndugu waliotengana hatua chache walikumbatiana kwenye theluji na tope. Tarehe 17 Juni 1990, siku ya kumbukumbu ya wafanyakazi wa Mashariki walioinuka mwaka 1953, katapila lilianza kuuangusha ukuta.

Kilichofuata nakiheshimu sana. Haukuangushwa wote. Kuna waliotaka kila kipande kiondoke, na ni nani angewakatalia baada ya kuutazama kutoka dirisha la jikoni kwa miaka 23? Lakini kipande cha takriban mita 100 kiliachwa, pamoja na mnara, na kikawa sehemu ya jumba la makumbusho la Wajerumani wa pande zote mbili. Naamini uamuzi huo ulikuwa sahihi. Mtoto aliyezaliwa baada ya 1990 hawezi kuelewa habari ya salamu iliyokatazwa mpaka asimame chini ya zege lile na kukisikia kijito kikipita pembeni.

Ukuta umekwenda, mpaka wa 1810 haukwenda. Nusu moja ya kijiji ni ya manispaa ya Töpen katika Bavaria, nusu nyingine ni ya mji wa Gefell katika Thuringia. Kuna mameya wawili, misimbo miwili ya posta, na magari ya huku yana namba zinazoanza na HO, ya kule SOK. Watoto hawasomi tena shule moja kama babu zao walivyosoma, kwa kuwa kila jimbo lina mfumo wake wa elimu. Hata salamu hazifanani: wa Bavaria husema "Grüß Gott", wa Thuringia husema "Guten Tag". Siku hizi zote mbili huitikiwa.