Kiti cha Mwalimu Katika Shule za Kisenge

Kisenge, katika eneo la Katanga nchini Kongo, ni mji uliokua kutokana na machimbo ya manganizi ya kampuni ya Bécéka-Manganèse. Wakati wa ukoloni, shule nyingi za Katanga zilikuwa mikononi mwa wamisionari na makampuni, na mwalimu Mwafrika hakuwa na sauti katika uongozi wa shule hizo. Mwaka 1974 Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa. Lakini kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 serikali iliyarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo, na hivyo zikazaliwa shule za mkataba, ambazo dola hulipa mishahara na kanisa huongoza.

Katika mfumo huo, baraza la usimamizi, yaani chombo kinachosimamia fedha na mali ya shule, huwa na mjumbe wa walimu anayechaguliwa na wenzake. Kiti hicho hakikuwa cha raha: tangu miaka ya 1990, dola iliposhindwa kulipa mishahara ipasavyo, wazazi ndio waliowalipa walimu marupurupu, kwa hiyo mjumbe alitetea maslahi ya wenzake mbele ya walewale waliokuwa wakiwalisha, hadi elimu bure ya msingi ilipoanza kutekelezwa mwaka 2019.