Nesi wa cheti, yule anayekugusa wa kwanza

Leo tuongee historia ya mtu tunayemwona kila mara kituoni lakini hatumjui vizuri: nesi wa cheti. Hapa Uganda watu wanamwita musawo. Sisi tuliotoka Kongo tunamwita muganga, na daktari naye tunamwita muganga. Ndiyo maana tunawachanganya.

Nesi wa cheti wa Uganda anasoma miaka miwili na nusu baada ya S4. Juu yake kuna nesi wa diploma, halafu wa digrii. Kongo tuko na A2, A1 na A0. Kazi yake ni ya mikono: kupima joto na presha, kuchoma sindano, kufunga kidonda, kugawa dawa, kuosha na kulisha mgonjwa asiyejiweza, na kuandika kila kitu kwenye rejista. Hapasui mtu. Lakini kwenye kituo cha afya cha daraja la II, kile cha parishi, mara nyingi mkubwa wa kituo ni yeye.

Cheo hiki kilitoka wapi? Uingereza, mwaka 1943, katikati ya vita, manesi waliosoma muda mrefu hawakutosha. Wasaidizi walikuwa wengi, wanafanya kazi, ila hawatambuliwi. Sheria ya mwaka huo ikafungua daftari la kuwaandikisha. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, nayo ikafuata mpango wa namna hiyo: nesi wa daraja la chini, lakini ameandikishwa na anajulikana.

Kongo ilipita njia nyingine. Wabelgiji walifundisha manesi na wasaidizi wa daktari, ila mlango wa udaktari wenyewe waliufunga kwa muda mrefu. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, nchi nzima haikuwa na daktari hata mmoja Mkongo. Siku chache baadaye fujo zikaanza na madaktari wengi Wabelgiji wakaondoka. Nani alibaki na wagonjwa? Ni hao hao manesi na wasaidizi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilituma madaktari, na wasaidizi wengi wakapelekwa Ufaransa kumalizia masomo ya udaktari. Kumbe uwezo ulikuwepo siku zote.

Sasa turudi huku karibu. Barabara ya kutoka mpaka wa Mpondwe inapita Bwera na Kisinga, inafika Kikorongo, pale inapokutana na ile kubwa ya Kasese. Wengi wetu tunaijua. Juni 2019, Ebola ikiwa bado inaua Kivu Kaskazini, mtoto wa miaka 5 aliletwa na familia yake hospitali ya Kagando, huko Kisinga. Wahudumu wa afya waliomwona walishuku Ebola mapema, akapelekwa Bwera kwenye kitengo cha kutengwa. Tarehe 11 Juni vipimo vikathibitisha. Yeye, mdogo wake na bibi yao walifariki, Mungu awarehemu. Lakini ugonjwa haukusambaa ndani ya Uganda. Kabla ya hapo wahudumu karibu 4,700 walikuwa wamechanjwa, na walishafundishwa dalili za kuangalia.

Hapo ndipo umuhimu wake unaonekana. Ugonjwa haumsubiri daktari bingwa. Unakutana kwanza na yule aliyeshika kipimajoto, na akikosea yeye, wote tunakosea.

Ndiyo maana inatuuma kuona A2 aliyehudumia wagonjwa miaka kumi Kongo anauza nyanya kambini. Sheria ni sheria: hapa lazima aandikishwe na Baraza la Manesi na Wakunga la Uganda, na hiyo ni kinga ya mgonjwa. Sisi wa kujitolea pia tujue mpaka wetu: tunabeba ujumbe na kusindikiza wagonjwa, sindano si yetu. Ila ndugu wa mashirika, mkiorodhesha watu, msiandike tu "hana kazi". Muulizeni alisomea nini, na msaidieni afike kwenye Baraza. Na wewe A2 unayesoma hapa, tunza karatasi zako. Wale wa 1943 walikuwa wakifanya kazi kabla hawajaandikishwa, na wale wa 1960 walishika hospitali bila kuitwa madaktari.