Siku ya Kisima

Saa kumi na moja alfajiri mwenyekiti wa mtaa wetu aligongewa dirisha. Fundi seremala wa nyuma ya soko alikuwa akiharisha na kutapika tangu usiku wa manane, choo cheupe kama maji ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani. Ilikuwa Agosti 2015, Dar es Salaam. Mabaraza ya madiwani yalikuwa yameshavunjwa kupisha uchaguzi mkuu; wenyeviti wa mitaa, waliochaguliwa Desemba 2014, walikuwapo. Serikali tuliyoweza kuigongea gizani ilikuwa mzee mmoja aliyejifunga msuli.

Saa kumi na mbili mgonjwa alipakiwa kwenye bajaji. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima lita nzima ya maji kwa saa, hakingoji barua. Mwenyekiti alimwelekeza mke wa fundi amnyweshe njia nzima: lita ya maji yaliyochemshwa, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi.

Saa mbili wagonjwa wakawa watano. Mwenyekiti akafungua daftari la wakazi, akatia alama nyumba zao, akauliza wanateka maji wapi. Wote walitaja kisima kimoja kifupi, kilichochimbwa karibu mno na vyoo vya wapangaji. Majibu ya maabara yalikuwa bado.

Saa nne bwana afya alifika na amri ya kukifunga, na hapo ndipo siku ilipokuwa nzito. Bibi mwenye kisima alikaa juu ya mfuniko.

“Mwenyekiti, hiki ndicho kinachosomesha wajukuu zangu.”

“Najua, bibi. Nakifunga. Na kabla ya adhuhuri utaona boza hapa.”

Kufunga ni kazi ya kufuli. Kuleta maji mbadala kulimtaka apige simu saba, aombe msikiti na kanisa wachangie, amsihi mwenye boza akubali kulipwa baadaye, kwa sababu ofisi ya mtaa haikuwa na fungu lolote. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa afya nguvu ya kuzuia chanzo cha maradhi. Kiu ya watu waliozuiwa iliachiwa mzee huyu. Hilo linaniuma hadi leo.

Boza liliingia adhuhuri ikiadhiniwa. Bibi aliteremka mwenyewe.

Klorini ya manispaa ilifika saa tisa.

Saa kumi na mbili jioni tulipata habari kwamba fundi amefariki. Mwili usingeoshwa nyumbani. Maofisa afya wangeuandaa na kuuzika. Mwenyekiti alikwenda kuwaambia ndugu, akakaa nao mkekani hadi walipokubali.

Saa nne usiku aliwagawia wajumbe wa mtaa nyumba za kubisha hodi kesho yake, kumi kila mmoja. Nauli za bajaji alilipa kutoka mfukoni mwake, na mpaka anaondoka madarakani hakurudishiwa.