Njia Mbili za Entebbe

Kwa miaka mingi aliyeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Entebbe alifika Kampala, umbali wa kilomita zipatazo 40, kwa barabara ipitayo Kajjansi. Mwaka 2018 ikafunguliwa barabara ya mwendokasi, iliyojengwa kwa mkopo wa China. Tangu Januari 2022 magari huilipia. Barabara ya kale haina malipo hayo, ila msongamano wake huchosha.

Sisi tuishio Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu 1958, huanza safari mbali zaidi: Mbarara kwanza, kisha Kampala, ndipo Entebbe. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa uhuru wa kusafiri nchini, lakini haitulipii nauli. Jiulize basi: haki isiyo na nauli humfikisha nani?