Pruni ya Japani, tunda la nyuma ya jikoni katika milima ya Kivu

Katika soko la Kadutu kule Bukavu, na katika soko la Virunga kule Goma, wamama hulipanga kwa mafungu madogo kando ya marakuja na avoka. Ni tunda lenye umbo la yai, ngozi laini, rangi nyekundu inayokaribia divai likiiva sawasawa. Kikonyo chake kirefu hakikatwi, kwa sababu tunda lililong'olewa kikonyo linaoza upesi. Watu wanaliita pruni, au kwa jina lote, pruni ya Japani. Wanaosema Kinyarwanda na Kirundi wanaliita ikinyomoro, yakiwa mengi ibinyomoro. Tanzania kuna wanaouita mti wake mgogwe, na Kenya wengi wanalijua kama tunda damu.

Jina hilo la Kivu lina makosa mawili. Tunda hili si pruni, na halikutoka Japani. Lilitoka upande wa pili wa dunia, katika milima ya Andes ya Amerika ya Kusini, na miti yake ya porini imeonekana Bolivia na kaskazini ya Argentina. Ndugu zake wa ukoo ni tomati, bilinganya, viazi vya kizungu, hata tumbaku. Anayekata tunda katikati anauona undugu huo mara moja: mbegu ndogo bapa zimejipanga ndani ya maji mekundu kama zile za tomati. Kwa hiyo wanaoliita tomati ya mti wako karibu zaidi na ukweli, ingawa kwenye soko la Kadutu neno hilo halitamsaidia mnunuzi.

Mwaka wa 1799 padri mmoja wa Uhispania aliyekuwa mtaalamu wa mimea, Antonio José Cavanilles, aliliandika katika vitabu vya elimu kwa jina la Solanum betaceum. Baadaye wataalamu wengine wakalihamisha na kulipa jina la Cyphomandra. Ilipofika mwaka wa 1995 mwanamke mtaalamu wa Marekani, Lynn Bohs, akalirudisha mahali Cavanilles alipoliweka. Hata sokoni majina yake yalihama. New Zealand, ambako wakulima walilima tunda hili kwa wingi, waliamua mwaka wa 1967 kuliita tamarillo, neno walilolitunga wenyewe ili wanunuzi wa nje wasilichanganye na tomati ya kawaida. Tamarillo, mgogwe, pruni: mti ni ule ule.

Habari ya New Zealand inafaa kukumbukwa na watu wa Kivu kwa sababu nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, meli za kuleta machungwa na ndizi zilipungua sana katika visiwa vile. Watu wakageukia tunda lililokuwa tayari katika bustani zao, lenye vitamini C nyingi. Vita ndivyo vilivyolitoa nyuma ya nyumba na kuliweka kwenye mashamba makubwa.

Katika Kongo ya wabelgiji mambo yalikwenda vingine. Serikali ya wakoloni ilianza mwaka wa 1917 kulazimisha wanakijiji kulima mazao fulani, na mahali pengi asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Katika milima ya Kivu wazungu walitaka kahawa, chai, kinkina na pareto. Shirika la utafiti la INEAC lilianzishwa mwaka wa 1933, na kituo chake cha Mulungu, katika Kabare, kikajishughulisha na mazao ya milimani. Hayo yote yalipimwa, yakaandikwa, yakahesabiwa kwa tani. Pruni haikuwa zao la amri. Hakuna aliyepigwa fimbo kwa kukosa kuipanda. Ni mti ambao jirani anampa jirani mche, au mtoto anatema mbegu kwenye jalala na mvua inafanya kazi iliyobaki. Labda ndiyo sababu watu wanaupenda bila kinyongo, jambo ambalo wazee wengi hawasemi juu ya kinkina.

Namna ya kula ni nyepesi, ila ngozi inataka adabu. Ngozi ni chungu, na anayeuma tunda zima kama pera atalitupa. Linakatwa katikati na kuliwa kwa kijiko, pamoja na mbegu. Anayetaka kumenya analitia katika maji ya moto kwa muda mfupi, kisha ngozi inatoka yenyewe. Kwa kutengeneza maji ya matunda, nyama yake inasagwa au kupondwa kwa mwiko, inachanganywa na maji na sukari, halafu inachujwa. Maji hayo hayatoki kirahisi kwenye kikwembe, kila mama anajua. Kule Ecuador wanalisaga pamoja na pilipili wakapata mchuzi wa kuwekwa mezani kila siku, na anayependa pilipili hapa Kivu hatapata shida kuelewa kwa nini. Lile bichi lisiliwe: ni chungu na linaweza kuumiza tumbo. La manjano ni tamu kuliko jekundu, ila sokoni jekundu ndilo linalovuta macho.

Mti wenyewe hauna nguvu nyingi. Unafika meta mbili mpaka tano, majani yake ni mapana kama moyo na yana harufu kali yakisuguliwa. Mizizi haiendi chini sana, kwa hiyo upepo mkali unauangusha, na maji yakisimama shinani siku chache tu unakufa. Ndiyo maana wanaoujua wanaupanda karibu na nyumba, nyuma ya jikoni, palipo na ukuta wa kuzuia upepo, majivu, na taka za kuozesha. Ila una jambo moja ambalo avoka ya mbegu haina: haraka. Mche uliotiwa udongoni mwezi wa tisa, mvua inapoanza, unaweza kutoa matunda ya kwanza katika mwaka wa pili. Ukitunzwa, mti mmoja unaweza kutoa hadi kilo 20 kwa mwaka, na huku kwetu, karibu na ikweta, hautoi yote mara moja. Kidogo leo, kidogo wiki ijayo. Kwa mama mwenye miti mitatu, hiyo ni feza ya chumvi na sabuni isiyongoja mavuno ya maharagi.

Baada ya miaka minane au kumi unachoka na kukauka. Na hapo ndipo historia ya tunda hili inaingia katika historia ya ardhi.

Katika Bushi, upande wa Kabare na Walungu, mila ilijua njia mbali mbali za kupata shamba. Kalinzi ilikuwa njia ya kudumu: mtu alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa mkubwa wa mahali, akapewa ardhi ambayo watoto wake wangeirithi. Bwasa ilikuwa ya muda mfupi, msimu mmoja au miwili, na mwenye kukodi alikatazwa kupanda chochote kinachodumu. Maharagi ndiyo, migomba hapana. Sababu ilikuwa wazi kwa kila mtu: mgomba ni ushahidi. Aliyepanda mgomba amesema, mbele ya kijiji kizima, kwamba hapa ni pake. Mti wa pruni uko katikati ya maneno hayo mawili. Si wa msimu, si wa kurithiwa. Mwenye ardhi mkali atauona kama mgomba na kuamuru ung'olewe.

Sheria ya serikali haikulimaliza jambo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya taifa. Juu ya ardhi za mila, kipengele cha 389 kiliahidi kwamba rais angetoa amri ya kupanga haki zake. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo. Mwanakijiji akabaki na kile alichokuwa nacho: neno la jirani, neno la chifu, na miti yake.

Ndipo vita vikaja, kimoja juu ya kingine. 1996, 1998, 2008, 2012, tena kuanzia mwisho wa 2021. Tena mwaka wa 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, ukasambaa Kivu yote, na watu wakalazimika kung'oa migomba iliyokuwa ushahidi wa baba zao. Familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru na kukaa miaka mingi mbali ilirudi mara nyingi ikakuta mtu mwingine amelima. Avoka kubwa bado inasimama na inaweza kutajwa mbele ya wazee: yule aliyeipanda ni nani, alikuwa na watoto wangapi. Pruni haiwezi. Iliyopandwa baada ya vita vya 1996 ilikuwa imekwisha kuzeeka kabla ya watu wa Rutshuru kukimbia tena mwaka wa 2008. Mama aliyelisha watoto wake kwa miti ile hana hata shina la kuonyesha. Jambo hili linawaumiza wamama zaidi, kwa kuwa mila za mahali pengi haziwapi ardhi ya kurithi, na bustani ya nyuma ya jikoni ndiyo ilikuwa mali waliyoipanga wao wenyewe.

Katika kambi za pembeni ya Goma, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, hapakuwa na nafasi ya kupanda mti. Hema liligusana na hema, na mahali pengi chini ni mawe ya volkano. Watu waliokuwa wakitoa matunda bure kwa wapita njia walinunua fungu dogo sokoni, au waliacha kununua. Mwezi wa pili wa mwaka wa 2025, baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23, kambi hizo zilivunjwa na familia zikaambiwa zirudi kwao. Nyingi zilifika kwenye nyumba zisizo na mabati na bustani iliyomezwa na majani.

Wengine walikimbilia chini. Waliotoka Bukavu na Walungu kuelekea Uvira, kisha Burundi, waliingia katika bonde la Ruzizi lenye joto. Hapo inafaa kusema wazi, kwa sababu kuna waliobeba mbegu: pruni ni mti wa baridi ya milimani. Unapenda kati ya meta 1000 na 3000 juu ya usawa wa bahari. Goma na Bukavu, zilizo karibu na meta 1500, zinaufaa. Lubero na Masisi zaidi. Uvira iko karibu na meta 800, na pale mti unaweza kukua ukapendeza kwa majani, lakini matunda yatakuwa machache au hakuna. Usilaumiwe mkono wa aliyepanda. Waliovukia Uganda kupitia Bunagana walifika Kisoro, ambako hewa ni kama ya Rutshuru ya juu, na huko mti uko nyumbani.

Kwa wanaorudi, kazi haina gharama. Tunda lililoiva mpaka kulegea linakatwa, mbegu zinaoshwa kwa maji ili utelezi utoke, zinatandazwa kivulini juu ya karatasi siku chache. Zikikauka zinafungwa katika kipande cha kitambaa. Zinaoteshwa kwanza kwenye kopo lenye udongo na mbolea ya kuoza, kisha mche unahamishwa ukifika urefu wa kiganja au zaidi. Usipandwe kando ya viazi au tomati, kwa sababu wana ukoo mmoja na magonjwa yao ni ya pamoja. Wadudu wadogo wa majani hubeba virusi kutoka shamba moja kwenda jingine. Ukifika meta moja unakatwa ncha, ili utoe matawi na usiwe mrefu wa kuvunjwa na upepo. Anayepanda kwa kukata tawi anapata mti mfupi, mpana, unaozaa upesi zaidi, ambao mtoto anaweza kuufikia bila kupanda juu.

Na kwa sababu mti huu hauishi muda mrefu, wamama wenye uzoefu hawangoji ule wa kwanza ukauke. Mwaka wa tano au wa sita wanatia mche mwingine pembeni yake, hatua tatu hivi, na karibu na uzio wanatia pia mbegu moja ya avoka.