Titus Simba na John Conteh: fainali ya Edinburgh iliyotupa medali ya kwanza

Julai 2026 Michezo ya Jumuiya ya Madola inarudi Scotland. Mwenyeji ni Glasgow, ratiba imekatwa hadi michezo kumi tu, na ngumi zimenusurika na panga hilo. Kwa Mtanzania anayejali historia, habari hiyo ilipaswa kumkumbusha jina moja. Ni huko huko Scotland, katika jiji la Edinburgh, Julai 1970, ambako bondia Titus Simba aliipatia Tanzania medali yake ya kwanza kabisa katika michezo hiyo. Ilikuwa medali ya fedha, uzito wa kati.

Aliyemzuia kuchukua dhahabu ni kijana wa miaka 19 kutoka Liverpool, John Conteh. Miaka minne baadaye kijana huyo alikuwa bingwa wa dunia, na hadi leo Waingereza hawajaacha kumsimulia. Simba wetu ndiye aliyesahaulika.

Simama pale Kiwira, kwenye barabara kuu iendayo Tukuyu na Kasumulu, malori yanapopakia ndizi, uwaulize vijana wa bodaboda habari za ngumi. Watakutajia Francis Cheka, watakutajia Rashid Matumla, na Hassan Mwakinyo watakueleza raundi kwa raundi. Sasa wataje Titus Simba. Usishangae mmoja wao akikuuliza alisajiliwa Msimbazi mwaka gani.

Makala haya ni ya kumrudisha Simba mahali pake. Na njia nzuri ya kupima uzito wa medali yake ni kumtazama mtu aliyempiga.

Julai ya Waafrika

Nusura mashindano ya 1970 yasusiwe na Afrika. Timu ya kriketi ya Afrika Kusini, ya makaburu wakati huo, ilikuwa imealikwa kucheza Uingereza kiangazi cha mwaka huo. Nchi za Afrika zikasema wazi: makaburu wakitua Uingereza, sisi Edinburgh hatuji. Waandamanaji wa Uingereza kwenyewe walishakuwa barabarani. Mwezi Mei, wiki chache tu kabla ya michezo, ziara ile ikafutwa, na mabondia wa Afrika wakapanda ndege.

Wakaenda kufanya kazi. Katika uzito 11 ulioshindaniwa, dhahabu 8 zilikuja Afrika. Uganda peke yake ilibeba tatu kupitia James Odwori, Mohamed Muruli na Benson Masanda. Kenya ilipata moja kwa Philip Waruinge. Ghana ilichukua mbili, Nigeria mbili. Waingereza, wakiwa kwao, waliambulia tatu: mbili za England na moja ya Scotland.

Na hata katika hizo tatu, moja ilikuwa na damu ya Afrika. Baba yake John Conteh alitoka Sierra Leone. Mama yake alikuwa Mwingereza wa ukoo wa Ireland. Walikuwa watoto kumi, wakalelewa Kirkby, kitongoji cha watu wa kipato cha chini nje kidogo ya Liverpool, na John aliingia klabu ya ngumi akiwa na miaka kumi. Kwa hiyo fainali ya uzito wa kati iliwakutanisha mtoto wa Mwafrika aliyezaliwa Uingereza na Mwafrika wa nchi iliyokuwa haijatimiza miaka tisa tangu uhuru.

Simba hakuwa mgeni wa ulingo mkubwa. Miaka miwili nyuma alikuwa kwenye Olimpiki ya Mexico, katika msafara ule ule wa John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni aliyemaliza mbio goti likiwa limefungwa bandeji na uwanja umebaki karibu mtupu. Dunia nzima inamkumbuka Akhwari wa Mexico. Wachache wanajua kwamba Edinburgh alikuwapo pia, akamaliza wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Lakini medali ilikuwa moja tu kwa nchi nzima, nayo ilikuwa shingoni mwa Simba. Dhahabu ya Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch ilikuja miaka minne baadaye. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa kwa ngumi.

Kijana wa Kirkby apanda

Baada ya Edinburgh njia zao ziliachana. Simba alibaki kwenye ngumi za ridhaa, maana Tanzania ya Azimio la Arusha haikuwa nchi ya mapromota. Conteh aliingia ngumi za kulipwa Oktoba 1971, chini ya kocha George Francis, na kupanda uzito hadi uzito wa juu mwepesi, kilo 79.

Alipanda haraka. Machi 1973 alimpiga Mjerumani Rüdiger Schmidtke akawa bingwa wa Ulaya. Miezi miwili baadaye akamshinda Chris Finnegan, aliyekuwa na dhahabu ya Olimpiki ya Mexico, na kujiongezea mikanda ya Uingereza na ya Jumuiya ya Madola. Tarehe 1 Oktoba 1974, ukumbini Wembley, alipigana raundi 15 na Jorge Ahumada wa Argentina kuwania mkanda wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC) uliokuwa wazi, akashinda kwa pointi. Tangu Freddie Mills apoteze taji mwaka 1950, hakuna Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito huo.

Umaarufu wake ulivuka kamba za ulingo. Paul McCartney wa Beatles, naye mtoto wa Liverpool, alimweka kwenye jalada la albamu ya Band on the Run, pamoja na mastaa wa filamu kama James Coburn na Christopher Lee. Muziki wa albamu hiyo, kwa taarifa yako, sehemu kubwa ulirekodiwa Lagos. Conteh alikuwa na sura ya sinema, mavazi ya gharama na ngumi ya kushoto iliyotoka haraka kuliko jicho. Waingereza walidhani wamepata bingwa wa miaka kumi.

Ugomvi uliomla bingwa

Hapa ndipo hadithi inapogeuka, na ndipo mabondia wetu wa leo wanapopaswa kukaa chini na kusikiliza.

Biashara ya ngumi London miaka ile ilikuwa mikononi mwa watu wachache. Majina yalikuwa yale yale: Harry Levene, Mickey Duff, Jarvis Astaire. Wao ndio waliopanga mapambano, ukumbi na televisheni, na bondia alipewa chake wakishamaliza kugawana. Conteh alipokuwa bingwa alianza kuuliza swali ambalo mabondia hawatakiwi kuuliza: pesa yote ni kiasi gani, na kwa nini mimi ninayepigwa ninapata hii?

Swali lilikuwa halali. Namna alivyolipigania ndiyo iliyomgharimu. Aliachana na waliomlea, akajaribu kujisimamia mwenyewe, na siku za kufanya mazoezi zikawa siku za mawakili na mikataba. Machi 1975 alimsimamisha Lonnie Bennett raundi ya tano, akatetea mkanda. Agosti akaenda Scranton, mji mdogo wa Pennsylvania huko Marekani, kupigana na Willie Taylor pambano ambalo halikuwa hata la ubingwa. Alishinda, lakini akavunjika mkono wa kulia. Mkono ule haukurudi kuwa ule wa zamani.

Ilipita miezi 14 bila bingwa wa dunia kuonekana ulingoni. Bondia mwenye miaka 24 hadi 25, umri wa kuvuna, yuko nyumbani na mkono uliofungwa plasta, akipishana na mapromota kwenye ofisi za mawakili. Alirudi Oktoba 1976 Copenhagen, akamshinda Yaqui López kwa pointi. Machi 1977 akapigana mbele ya watu wake Liverpool na kummaliza Len Hutchins raundi ya tatu. Ilionekana mambo yamekaa sawa.

Yalikuwa hayajakaa. WBC ilimtaka atetee mkanda dhidi ya Miguel Ángel Cuello wa Argentina huko Monte Carlo mwezi Mei. Conteh hakuridhika na malipo na masharti, na siku zikiwa zimebaki chache akajitoa. WBC hawakubembeleza. Walimvua ubingwa. Usiku wa Mei 21 Cuello alipanda ulingoni Monte Carlo na mpinzani mwingine, Jesse Burnett, akampiga, akavishwa mkanda wa Conteh. Hakuna bondia aliyewahi kumpiga Conteh kwa ubingwa huo hadi siku ile. Alinyang'anywa kwa karatasi.

Waliokuwa upande wa mapromota walisema kijana amevimba kichwa. Waliokuwa upande wake walisema ameonewa kwa sababu amekataa kuwa ng'ombe wa maziwa wa watu wengine. Mwandishi wa makala haya anaona pande zote mbili zina kweli yake, ila Conteh alisahau kanuni moja ya vita vya kazini: anayegoma peke yake hufukuzwa peke yake. Hakukuwa na chama cha mabondia nyuma yake. Alikuwa na hoja, hakuwa na jeshi.

Alijaribu mara tatu kuurudisha mkanda. Juni 1978 alikwenda Belgrade kwa Mate Parlov, akashindwa kwa majaji kugawanyika, mbele ya watu wa Parlov. Agosti 1979 huko Atlantic City alikuwa akimwongoza Matthew Saad Muhammad, uso wa Mmarekani umepasuka na damu inatiririka, hadi raundi za mwisho Conteh alipoangushwa mara mbili na pambano likamponyoka. Baadaye ikabainika kona ya Saad Muhammad ilitumia dawa isiyoruhusiwa kuzuia damu, na WBC ikaamuru warudiane. Marudiano ya Machi 1980 hayakuwa na la kubishania: Conteh aliangushwa tena na tena katika raundi ya nne, mwamuzi akamaliza. Mwaka huo huo akastaafu, akiwa na ushindi 34, vipigo 4 na sare moja. Alikuwa na miaka 29.

Pombe ilimla miaka mingi, na yeye mwenyewe amelisema hilo hadharani bila kuficha. Aliacha, akasimama, akawa mzungumzaji anayealikwa kwenye hafla. Mwaka 2017 Malkia alimtunuku nishani ya MBE.

Sisi tulifanya nini

Na upande wetu? Scotland ilipoandaa tena michezo hiyo mwaka 1986, Tanzania ilisusa pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu serikali ya Margaret Thatcher ilikataa kuwawekea makaburu vikwazo. Ulikuwa uamuzi wa heshima, na mabondia wetu waliulipia kwa jasho lao.

Medali nyingine zilikuja kwa kudonoa. Willie Isangura alipata shaba ya uzito wa juu mwaka 1982. Haji Ally alipata fedha Auckland 1990. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur 1998, dhahabu pekee ya ngumi tuliyonayo katika michezo hiyo. Halafu kimya kirefu, hadi Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipopata shaba Birmingham 2022.

Mwaka huo huo wa 2022, mwezi Septemba, Mwakinyo alikwenda Liverpool, mji wa Conteh, kupigana na Liam Smith. Safari ya kwanza Uingereza, mwaka 2018, alikuwa amemsimamisha Sam Eggington raundi ya pili Birmingham, na nchi nzima ikalipuka. Safari hii pambano liliishia raundi ya nne kwa lawama: Mwakinyo alieleza kwamba begi lake halikufika na viatu alivyopandia ulingoni havikuwa vyake. Mashabiki wakagawanyika, wengine wakimcheka, wengine wakimtetea. Ukiitazama kwa jicho la Conteh, hoja ni ile ile ya mwaka 1977. Bondia anakwenda vitani peke yake, na likiharibika la safari au la mkataba, anayelibeba ni yeye.

Ngumi za ridhaa Tanzania zimelelewa zaidi na majeshi: JWTZ, Polisi, JKT na Magereza. Hapa Kiwira tuna Chuo cha Magereza. Tuna vijana wenye miili iliyojengwa na milima ya Rungwe na kazi ya kubeba mikungu ya ndizi tangu utotoni. Tulichokosa ni ulingo, glovu na mtu wa kuwaambia kwamba kabla ya mikanda ya matangazo ya televisheni kulikuwa na Mtanzania aliyefika fainali na mtu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia.

Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe haihitaji mabilioni kwa hilo. Mashindano ya shule za sekondari mara moja kwa mwaka, yakiitwa Kombe la Titus Simba, yanatosha kuanzia. Chuo cha Magereza kikitoa mwalimu na ukumbi, wazazi na wafanyabiashara wa Kiwira watatoa glovu. Shirikisho la ngumi nalo, linapoandaa timu ya Glasgow, liwasomee mabondia hao mistari miwili kabla hawajapanda ndege: medali ya kwanza ya Tanzania katika michezo hii ilipatikana Scotland, 1970, na aliyeileta alikuwa bondia.